Mwenza anaumwa akili, hospitali ya Marekani inagoma kusema chochote: sheria inaruhusu nini hasa?

Afisa Kumbukumbu (mwanzisha uzi)

Wadau, heshima kwenu. Swali hili halikauki kwenye magrupu yetu ya huku Marekani, na majibu mengi ni ya kusikia kwa jirani. Mume kalazwa wodi ya akili, mke anapiga simu, anajibiwa "HIPAA hairuhusu", simu inakatwa. Basi watu wanaamini sheria imemfuta mwenza kabisa. Si kweli. Na si kweli pia kwamba cheti cha ndoa kinafungua faili.

HIPAA ni sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda siri za afya, na kanuni zake za siri za mgonjwa zilianza kuzibana hospitali Aprili 14, 2003. Kifungu kinachowagusa wanandoa ni 45 CFR 164.510(b) (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu, na namba zote za 164 humu ni za HIPAA). Daktari anaruhusiwa kumweleza ndugu anayeshiriki kumtunza mgonjwa, au anayelipia matibabu, yale tu yanayohusu ushiriki huo. Mgonjwa akiwa na uwezo wa kuamua, inatakiwa akubali, au apewe nafasi ya kukataa asikatae, au mazingira yenyewe yaonyeshe kwamba hapingi, kwa mfano kaingia na mkewe chumba cha daktari kwa hiari yake. Akiwa hawezi kuamua kwa wakati huo, daktari anapima mwenyewe kama kumweleza mwenza kuna faida kwa mgonjwa.

Angalieni vizuri: anaruhusiwa, halazimishwi. Ndiyo maana kumsomea nesi kifungu kwenye simu hakusaidii kitu. Hospitali inaweza kukaa kimya hata pale sheria ingeiruhusu kusema, na kwa sababu kusema kunaweza kuiletea kesi na kunyamaza mara nyingi hakuleti, inanyamaza.

Mgonjwa mwenye uwezo akisema "msimwambie mke wangu", hapo mdomo umefungwa, isipokuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake au ya mtu mwingine. Hiyo iko 164.512(j). Lakini hakuna mahali popote sheria hii inapomkataza daktari KUSIKILIZA. Unaweza kutoa taarifa zote unazozijua hata kama hutapewa hata moja. Watu wanagombania wasichopewa na kuacha walichonacho mkononi.

Nesi wa Usiku

Naongezea upande wa wodi. Kosa la kwanza ni swali la kwanza. Mtu anapiga na kuuliza "Fulani yupo hapo?" Wodi nyingi za akili haziweki majina kwenye orodha ya mapokezi, kwa hiyo mke, mama mzazi na mtu anayedai deni wote wanapata jibu moja: siwezi kuthibitisha wala kukanusha. Usibishane naye. Sema hivi:

"Sawa, siombi uniambie kitu. Nina taarifa za usalama kuhusu mtu anayeitwa hivi, amezaliwa tarehe hii. Kama yupo, naomba zimfikie daktari wake na ziwekwe kwenye faili. Na kama yupo, mwambieni mkewe amepiga, namba yangu hii."

Hapo nesi hajavunja sheria yoyote, anaandika tu. Kisha omba namba ya faksi ya wodi, na jina la ofisa ustawi wa jamii anayehusika na wodi hiyo, kwa sababu daktari ni vigumu kumpata na ofisa huyo ndiye anayepanga mgonjwa ataruhusiwa lini na aende wapi. Wodi nyingi pia zina simu ya wagonjwa na namba ya siri anayopewa mgonjwa akilazwa. Mgonjwa akikupa namba hiyo mwenyewe, milango mingi inafunguka bila karatasi.

Barua yako iwe ukurasa mmoja. Kurasa tano hakuna anayezisoma saa nane ya usiku. Anza na jina kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule. Hili kwa watu waliokuja kama wakimbizi kutoka kambi za Nyarugusu, Kakuma na kwingineko ni muhimu mno: majina ya kwanza na ya ukoo yamegeuzwa, na wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Ukituma faksi yenye jina la nyumbani na tarehe ya kweli, inaweza kuishia faili la mtu mwingine au kukosa faili kabisa.

Halafu dawa: jina, miligramu, anakunywa saa ngapi, na lini aliacha. Taja na dawa za asili, maana baadhi zinagongana na za hospitali. Mzio. Dawa iliyowahi kumdhuru. Pombe au bangi kama ipo. Magonjwa mengine, hasa kisukari, presha, kifafa, tezi la shingo. Kama kuna silaha ndani ya nyumba, mstari huo uwe juu kabisa. Kama alitaja kufa au kuua, andika maneno yake yaleyale aliyoyatumia na siku aliyoyasema.

Usiandike jina la ugonjwa, andika ulichokiona. "Amekuwa akilala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, siku nne mfululizo, na ametoa akiba yote benki" ina uzito kuliko "amechanganyikiwa kabisa". Na jambo ambalo wengi wanasahau: eleza kawaida yake ilikuwaje. Kama kanisani kwenu watu hunena kwa lugha au hufunga siku tatu, sema hilo ni la kawaida kwenu, halafu sema kipi SI cha kawaida. Daktari asiyejua anaweza kuandika ibada kuwa ni dalili, au akadhani dalili ni ibada na kuiacha ipite.

Bi Kiduku

Asante nesi. Na huyo mgonjwa akipona akaomba faili lake, ataikuta barua ya mkewe humo?

Afisa Kumbukumbu

Anaweza, dada. Ana haki ya kuona kumbukumbu zake na hospitali ina siku 30 za kumjibu. Ila kuna tundu dogo: 164.524(a)(2)(v). Kama taarifa ilitolewa na mtu asiye mtoa huduma kwa ahadi ya siri, na kuionyesha kungefichua aliyeitoa, hospitali inaweza kuizuia sehemu hiyo. Kwa hiyo juu ya barua andika wazi: "Taarifa hizi nazitoa kwa sharti kwamba mgonjwa asijulishwe aliyezitoa." Usiache sharti hilo liwe la mdomo tu.

Tahadhari mbili. Tangu Aprili 5, 2021 hospitali zinatakiwa kutozuia maandishi ya daktari yasimfikie mgonjwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni, na mara nyingi yanaonekana siku hiyohiyo. Mwombe nesi asiandike "mkewe anasema" kwenye maandishi ya kawaida ya siku. Pili, kama umeandika jambo linalojulikana na ninyi wawili peke yenu, kuficha jina hakusaidii. Chagua la kuandika ukijua hilo.

California wana utaratibu wao tangu sheria ya AB 1424 ya mwaka 2001: taarifa za familia lazima zizingatiwe, na kaunti nyingi zina fomu yake tayari. Ukiwa huko omba fomu ya AB 1424 kwa jina hilohilo.

Kifimbo Cheza

Mimi napinga mfumo mzima. Kwetu ndoa ni ndoa. Mke ndiye anayempikia, anayemwogesha, analipa kodi ya nyumba, halafu kijana wa mapokezi anamwita "mtu wa pembeni"? Hizi ni sheria za watu wasio na ukoo.

Nesi wa Usiku

Kaka Kifimbo, hasira yako ina haki, lakini geuza upande. Kuna mke aliyelazwa kwa sababu ya kipigo cha huyohuyo anayepiga simu kwa sauti ya upole, na nesi hawezi kuwatofautisha kwa simu. Na kuna mgonjwa anayemweleza daktari mambo ya pombe, ya deni, ya mwanamke wa nje, kwa sababu tu anajua hayatafika nyumbani. Akijua yatafika, atanyamaza, na daktari atatibu nusu ya ugonjwa. Mwenza hahitaji yote hayo. Anahitaji kujua dawa gani, saa ngapi, dalili gani ni ya kumrudisha hospitali, na miadi inayofuata ni lini. Ukiomba hayo manne tu, hata mgonjwa mwenye wasiwasi mara nyingi anakubali. Ukisema "nataka kujua kila kitu" anafunga mlango.

Mfano wa kwa nini hayo manne yanatosha: mgonjwa wa bipola (hisia zinapanda na kushuka kupita kiasi) anayetumia dawa ya lithiamu. Mwenza akijua tu ni lithiamu, tayari anajua asimpe ibuprofeni akiumwa kichwa, kwa sababu inapandisha kiwango cha lithiamu kwenye damu. Anajua kutapika, kuharisha au kukosa maji ni hatari, na kwamba mikono ikitetemeka kwa nguvu, akiyumba au ulimi ukiwa mzito, ni kwenda hospitali mara moja. Anajua kipimo cha damu kinachukuliwa kama saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo asubuhi ya kipimo dozi inasubiri. Na kwa Waislamu, suala la kufunga Ramadhani linaulizwa kwa daktari mapema, kabla mwezi haujaandama, maana siku nzima bila maji inabadilisha hesabu. Hayo yote hayahitaji kusoma neno moja la alichomwambia mshauri wake.

Wakili Pembeni

Tuje kwenye saini, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Na saini inatafutwa mtu akiwa MZIMA. Mkisubiri mpaka anaamini mnamwekea sumu kwenye chai, hatasaini, na akisaini hospitali inaweza kusema hakuwa na uwezo.

Fomu ya kwanza ni ya idhini ya kutoa taarifa. Hospitalini huku wanaiita ROI. Ili isikataliwe lazima iwe na: taarifa gani zitolewe, nani atoe, nani apewe, kwa sababu gani, mwisho wake lini (tarehe au tukio), saini na tarehe. Iseme pia kwamba anaweza kuifuta kwa maandishi wakati wowote. Zinakokwama:

Imeandikwa kwa jina la kliniki, mgonjwa akalazwa hospitali ya kampuni nyingine. Jazeni moja kwa kila sehemu: kliniki, hospitali mbili za karibu zenye wodi ya akili, na duka la dawa.

Imekwisha muda. Fomu nyingi zinachapishwa na mwaka mmoja. Weka kumbusho kwenye simu.

Ina visanduku vidogo vya afya ya akili, ulevi na VVU ambavyo havikutiwa alama. Bila alama karani anatoa rekodi za presha tu. Matibabu ya uraibu kwenye vituo maalumu yana kanuni yake kali zaidi, 42 CFR sehemu ya 2.

Maandishi binafsi ya mshauri nasaha yanayotunzwa mbali na faili yanahitaji idhini ya peke yake, na kwa maoni yangu mwenza asiyaombe. Dawa, utambuzi wa ugonjwa, mpango wa tiba na maendeleo haviko ndani ya kundi hilo, kwa hiyo ROI ya kawaida inavifikia.

Fomu ya pili ni hati ya uwakilishi wa afya, yaani mtu anamtaja wa kumwamulia matibabu akishindwa mwenyewe. Anayetajwa humo, hati ikishaanza kazi, anahesabiwa kama mgonjwa mwenyewe kwa mambo ya taarifa, 164.502(g). Tatizo ni kwamba katika majimbo mengi hati inaanza pale tu daktari anaposema mgonjwa hawezi kuamua, na huwezi kujua kama amesema hivyo kwa sababu hawakuambii! Dawa yake ni sentensi moja ndani ya hati: kipengele cha kupata taarifa kinaanza leo, siku ya kusaini, bila kusubiri.

Na msidhani hati hiyo inaweza kila kitu. California na Texas, mwakilishi hawezi kumkubalia mtu kulazwa wodi ya akili kwa niaba yake. Majimbo kadhaa yana hati maalumu ya maelekezo ya afya ya akili, ambamo mtu anasema dawa anayoikubali, asiyoitaka, hospitali anayoipenda na nani aitwe. Mashahidi kwa kawaida ni wawili, wasiwe wahudumu wa hospitali hiyo. Angalieni sheria ya jimbo lenu, maana HIPAA ni sakafu tu, na jimbo likiwa kali zaidi, la jimbo ndilo linalofuatwa.

Bi Kiduku

Nywila ya akaunti yake ya hospitali ninayo. Si niingie tu?

Wakili Pembeni

Usiingie. Kila kuingia kunarekodiwa, na siku mtakapogombana itakuwa ushahidi dhidi yako. Akaunti hizo zina sehemu ya kumwongeza mtu anayeruhusiwa, unapata nywila yako mwenyewe. Mfanye pamoja, mbele yake.

Mkalimani wa Simu

Jambo ambalo halijaguswa: mwenza kufanywa mkalimani. Hospitali inamwona mke anajua Kiingereza kidogo, inamtumia. Hapo mgonjwa hana siri hata moja iliyobaki, na mke anatafsiri maneno yanayomhusu mwenyewe. Watu wengi wanapunguza makali: "anasikia sauti zinazomwambia amuue mkewe" inageuka "ana mawazo mengi". Daktari anamruhusu aende nyumbani.

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kutoa mkalimani mwenye sifa, bure, kwa kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya. Haiwezi kumlazimisha mgonjwa aje na wake. Mtu mzima aliyemsindikiza anaweza kutafsiri wakati wa dharura tu akisubiriwa mkalimani, au mgonjwa mwenyewe akiomba hivyo faraghani mbele ya mkalimani na akakubaliwa.

Mji wenye familia chache za Waswahili, mkalimani anayekuja ana kwa ana anaweza kuwa mzee wa kanisa lenu. Omba wa simu au video, na omba aliye jimbo jingine. Halafu mwambie nesi jina la mgonjwa lisitajwe kwa mkalimani, halihitajiki. Taja pia Kiswahili kipi. Mtu wa Bukavu au Uvira akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa ataelewa mengi, lakini kwenye mahojiano ya akili hayo machache yanayopotea ndiyo yenyewe. Kama lugha yake ya ndani ni Kirundi au Kibembe, sema hivyo tangu mwanzo.

Kifimbo Cheza

Hapo kwenye mkalimani nakubali. Na kama amekataa hospitali kabisa, yuko sebuleni na kisu?

Nesi wa Usiku

Toka nje na watoto kwanza, piga 911. Sema "ni dharura ya afya ya akili", omba askari mwenye mafunzo ya CIT (ya kushughulikia watu wenye dharura ya akili), taja kisu, taja kama kuna bunduki, taja lugha. Askari wakifika mikono yako ionekane, usirudi mbio ndani. Kama hakuna silaha na hatari si ya dakika hii, 988, namba ya msaada kwa wanaotaka kujiua na wenye shida ya akili, inapokea simu na ujumbe saa zote tangu Julai 16, 2022, na mkalimani wa simu yupo. Waulize kama kaunti yenu ina timu ya kutembelea nyumbani.

Wakimshikilia kwa lazima, muda unatofautiana: California saa 72 (ndiyo watu wanaita 5150, namba ya kifungu cha sheria ya jimbo), Pennsylvania hadi saa 120, Texas kwa kawaida 48, Minnesota saa 72 bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Saa hizo ndizo dirisha lako la barua ile ya ukurasa mmoja. Ikifika saa ya 70, uamuzi umeshafanyika. Kikao cha mahakama kikifuata, mwenza anaweza kuitwa kutoa ushahidi, na ule utasemwa mbele ya mgonjwa. Hakuna siri hapo.

Afisa Kumbukumbu

Mawili ya haraka kuhusu siri kuvujia upande wa kazi na bima.

Ukitaka likizo ya kumuuguza mwenza, FMLA, sheria ya likizo ya familia na ugonjwa ya 1993, inatoa hadi wiki 12 bila mshahara kama mwajiri ana wafanyakazi 50 ndani ya maili 75 na wewe umefanya kazi miezi 12 na saa 1,250. Fomu ya daktari ni WH-380-F na una siku 15 za kuirudisha. Ipeleke ofisi ya rasilimali watu, usimpe msimamizi wako wa zamu. Sheria inamkataza msimamizi wako wa moja kwa moja kumpigia daktari. Daktari anaweza kueleza hali na mahitaji bila kutaja jina la ugonjwa, mwombeni afanye hivyo.

Bima: kila matibabu, kampuni hutuma karatasi ya maelezo ya malipo kwa mwenye bima. Kama bima ni ya mume na mgonjwa ni mke asiyetaka ijulikane, aombe mawasiliano yapelekwe anwani nyingine, 164.522(b). Kampuni ya bima inalazimika kukubali akieleza kwamba vinginevyo atakuwa hatarini.

Na HIPAA haimfungi mchungaji, shemeji wala grupu la WhatsApp. Ukiomba maombi kwa jina kamili na wodi, hakuna ofisi ya serikali itakayokusaidia kuyarudisha. Hospitali ikivujisha, malalamiko yanakwenda ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya, ndani ya siku 180.

Bi Kiduku

Na mgonjwa akirudishwa nyumbani Kenya atibiwe huko, karatasi hizi zinafaa?

Wakili Pembeni

Zitasaidia kama kumbukumbu, lakini huko andika upya. Kenya, kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinataka ridhaa ya maandishi ya mgonjwa, au amri ya mahakama au sheria nyingine, au hatari kubwa kwa afya ya umma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza Mei 1, 2023. Kabla hajapanda ndege, mwambie asaini ROI inayokutaja wewe NA daktari atakayempokea, na uombe muhtasari wa kuruhusiwa pamoja na orodha ya dawa kwa majina ya kitaalamu ya dawa yenyewe (generic), yasiwe ya kibiashara, kwa sababu majina ya kwenye chupa za Marekani duka la dawa la Nairobi huenda wasiyatambue.